Moteri ya Kumfikisha Anjelina

Wenzangu, kila siku mnaniuliza, sokoni, kanisani, hata kisimani, na kila mmoja nimempa kipande chake. Sasa mjini zinatembea hadithi nne, na katika moja eti nimeolewa Salamabila. Basi nimeamua kuandika yote mara moja, tena kwa mkono wangu. Bei ya gari sitaitaja, karatasi zake sitazieleza, na vizuizi vya njiani mnavijua wenyewe. Nitasema tuliyoyaona, tuliyoyala na watu waliotusaidia, kwa sababu bila wao ningekuwa bado kwenye tope natukana madereva.

Kasongo, kabla ya kuondoka

Kwa asiyenijua, mimi ndiye Mama Robe. Wamenipa jina hilo kwa sababu ya magauni ya arusi ninayokodisha, pamoja na viti, vyombo na, Mungu akijalia, gari. Hapa kwetu Kasongo gari la arusi halina kazi ya kwenda mbio. Likitoka kanisani linafuata shangazi za bibi arusi, na hao shangazi wanatandika vitenge mbele ya magurudumu. Gari likishakanyaga kimoja wanakiokota, wanakikung'uta, wanakwenda kukitandika tena mbele. Njia ambayo pikipiki inaimaliza kabla hujakaa vizuri, gari la arusi linaweza kuila nusu ya mchana.

Kiangazi kilichopita nilikodi gari dogo la mtu ili limbebe Anjelina, binti wa jirani yangu, aliyekuwa amefunga ndoa na mwalimu Patrice. Mbele ya soko moteri ikachemka. Mvuke ukamfunika bibi arusi, shela na yote, kisha moteri ikazima na haikuwaka tena. Shangazi yake mkubwa, Mama Feza, akafungua mlango, akamshika mkono.

"Mutoto yetu hawezi kuingia kwa watu na miguu, sawa mutu mwenye alitoroka kwao," akasema. "Shuka. Tunarudi."

Wakarudi naye. Padri alishawabariki, pete ziko vidoleni, lakini kwetu mke hajafika mpaka afikishwe. Kwa hiyo tangu siku ile Anjelina alikuwa mke wa Patrice mbele ya Mungu na binti wa nyumbani mbele ya shangazi zake. Kila Jumapili Patrice alikuja kumsalimu mke wake. Alikalishwa kwenye kiti cha wageni, akapewa chai, akashukuru, akarudi kulala peke yake.

Familia mbili zilikaa, zikagombana, zikakaa tena. Mwisho walikubaliana kwamba arusi iendelee pale pale ilipokatikia, mbele ya soko, lakini kwa gari lisilopungua lile la kwanza kwa heshima. Lori la mchele Mama Feza alilikataa. Pikipiki alisema ni ya kumpeleka mtu hospitali. Jeep za mashirika hazibebi bibi arusi, hata uombe kwa magoti.

Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo. Ila tangu siku ile magauni yangu yalikaa kwenye sanduku, na kila asubuhi niliona Anjelina akipita na ndoo ya maji kichwani, pete kidoleni, akienda kwa mama yake badala ya kwenda kwake. Alikuwa ananisalimu vizuri kabisa, na hilo ndilo lililoniuma.

Ndipo zikaja habari kwamba mnunuzi mmoja wa dhahabu huko Salamabila anauza gari lake la mbio, jekundu, fupi, la milango miwili. Nikamwita mdogo wangu Kashindi, ambaye ni dereva wa malori na huniita Yaya, dada mkubwa. Akacheka.

"Yaya, gari ya mbio kwa kazi ya kutembea?"

"Yenye inaweza kukimbia, kutembea itaishinda?" nikamjibu.

Hapo nilijiona nina akili sana. Kashindi akanieleza mambo ya kuangalia kwenye moteri iliyotumika: rangi ya moshi, sura ya mafuta, sauti yake ikipanda. Zaidi ya yote alitaka kuiona ikiwashwa ikiwa baridi, asubuhi, bila mtu kuigusa kabla. "Moteri yenye wamekwisha kupasha moto ni sawa mutu mwenye amevaa kwa arusi," alisema. "Hauwezi kujua nyumbani iko namna gani."

Kasongo hadi Wamaza

Tuliondoka kwa pikipiki mbili za kukodi, mimi nyuma ya moja, Kashindi nyuma ya nyingine. Yeye mwenyewe angeweza kuendesha lakini mwenye pikipiki alikataa, akisema madereva wa malori wanadhani kila shimo ni la kupita juu yake. Nilimpenda yule kijana papo hapo.

Mvua ilitukuta kabla ya nusu ya njia. Tulifika kwenye daraja la magogo, gogo la kati limekwenda na maji, na watu wa pale wakawa wanavusha pikipiki kwa kuzibeba begani. Nilivuka kwa kutambaa. Sioni aibu kusema. Mbele kidogo mnyororo wa pikipiki yangu ukakatika, tukaisukuma mlima mzima, na tulipoingia Wamaza nilikuwa na tope hadi kwenye hereni.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanua mpunga mbele ya nyumba yake alituona, akaacha kazi. Jina lake Mama Lumbu. Hakuuliza sisi ni nani. Alitupa maji ya moto ya kuoga kwanza, halafu bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese mapya, na dagaa wakavu juu yake. Nimekula kwenye arusi nyingi, ninawaambia ukweli, sijala chakula kilichonirudishia roho namna ile.

Wakati tunakula ndipo akauliza tunakokwenda. Nikasema Salamabila. Akatikisa kichwa, akaanza kutuonya juu ya wauza dhahabu wanaochanganya na shaba.

"Hapana, Mama, sisi tunaenda kutafuta moteri," nikamwambia.

Uso wake ukafunguka. Akaniuliza moteri ni ya nguvu, nikasema ya nguvu sana. Akauliza tutapita nayo hapa hapa tukirudi, nikasema njia ni moja tu. Akainuka, akaenda kuongea na majirani nyuma ya nyumba, na nikasikia wakipiga vigelegele. Nilidhani wana arusi yao.

Asubuhi Kashindi alitaka tuondoke mapema, mnyororo ulikuwa umeshatengenezwa. Mama Lumbu alisimama mlangoni.

"Kuku amekwisha kufa juu yenu," alisema. "Mutaondoka, nani atamula?"

Tulikaa tukamla kuku. Kwa hiyo tulichelewa, na sijutii hata mfupa mmoja.

Wamaza hadi Salamabila

Kipande hiki kilikuwa kikavu zaidi lakini kina watu wengi zaidi, wachimbaji wakipanda na majembe, wafanyabiashara na mabunda ya nguo, wanawake na madumu ya mawese. Kila mtu alikuwa na haraka ya dhahabu. Mimi peke yangu nilikuwa na haraka ya gari la kutembea polepole, na nilijua nikiwaambia watanicheka, nikanyamaza.

Kabla hatujaingia Salamabila tulisikia ngurumo mbele yetu. Pikipiki zetu zikasogea kando. Gari jekundu, la chini kama limepiga magoti, likaja na vumbi lake, likasimama. Akatoka mzee mmoja mnene wa kanzu nyeupe. Kutoka kwenyewe kulikuwa kazi: alitoa mguu mmoja, akapumzika, akashika mlango, akatoa mwingine. Huyo alikuwa Papa Amisi, mwenye gari.

"Karibuni sana. Nilisikia kwa simu muko karibu," alisema. "Mugeni hapokelewi na miguu."

Kashindi alimsalimu kwa mkono wa kulia, na wa kushoto akaupitisha juu ya moteri. Akanitazama. Moto kabisa.

Salamabila, moteri isiyopoa

Papa Amisi na mke wake, Mama Sakina, walitupa chumba kizuri, na jioni wali na nyama ya mbuzi. Nikamuuliza kwa nini anauza. Mnunuzi yeyote anauliza hilo, na muuzaji yeyote ana jibu tayari.

"Magoti," alisema. "Kuingia ninaingia. Kutoka ndiyo kazi, Mama. Vijana wananicheka ku musikiti."

Sikuamini. Mtu anayenunua dhahabu kutoka kwa wachimbaji hawezi kuwa na jibu rahisi hivyo. Tulikubaliana na Kashindi kwamba tutaamka kabla ya watu wote ili tuione moteri ikiwa baridi.

Tuliamka. Uwanja ulikuwa mtupu. Punde Papa Amisi akaingia na gari, mkono umeshika mikate ya moto kwa ajili yetu. Siku ya pili tuliwahi zaidi, tukamkuta ndani ya gari, moteri inanguruma pale pale uani, yeye anatusalimu kwa tabasamu. Siku ya tatu alikuwa amekwenda kumchukua fundi cherehani eti anishonee gauni la zawadi.

"Yaya, huyu mutu anaficha kitu," Kashindi akaninong'oneza. "Moteri hii asubuhi haiwaki. Lazima wanaisukuma usiku wakati siye tunalala."

Mimi nami nilikuwa nimeshawaka, kuliko moteri yenyewe. Nilimfikiria Anjelina na ndoo yake. Nikamkabili Papa Amisi kwenye chai, mbele ya mke wake, bila kuzunguka.

"Papa Amisi, siye tunataka kuiona ikiwa baridi. Kila siku unaipasha moto. Kwa nini?"

Alinitazama kama nimemwomba anipe maji ya mtoni.

"Baridi? Mama, mu nyumba yangu mugeni atapewa kitu ya baridi?"

Mama Sakina akaanza kucheka, na alipoanza hakuweza kuacha. Kwa kicheko chake ndipo tulipoelewa sote wawili. Yule mzee alikuwa anaamka gizani, na magoti yake mabovu, kupasha moto moteri ili sisi tuikute tayari, kama vile mtu anavyompashia mgeni maji ya kuoga. Sisi tulikuwa tunamhesabia wizi. Niliona haya mpaka masikio, na nikamwomba radhi. Yeye akatoa funguo mfukoni, akaniwekea kwenye kiganja.

"Lala nayo," alisema. "Kesho utaiamusha weye mwenyewe."

Kesho yake umande ulikuwa bado juu ya chuma. Kashindi aliwasha. Ikashika mara ya kwanza, ikatoa moshi mweupe kidogo, ukaisha, ikabaki sauti moja laini isiyo na kikohozi. Kashindi alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakinusa, akakipaka kwenye kidole. "Safi," akasema, na kutoka kwake neno hilo ni hotuba.

Salamabila, gari linafundishwa kutembea

Ningeweza kununua hapo hapo. Kashindi alitaka ninunue. Papa Amisi tayari alikuwa ameagiza soda. Lakini mimi kazi yangu naijua, nikasema sasa nataka nilione likitembea.

"Kutembea namna gani? Hii inakimbia," alisema Papa Amisi. Akatueleza kwamba tangu alilete kwa lori, alikuwa akilipeleka kwenye uwanja wa ndege tu, kwenye ile njia iliyonyooka, na safari fupi za mjini alizipita kama mshale. Kulitembeza polepole aliona kama kulifedhehesha.

Nikamwomba atembee mbele kwa miguu, taratibu, Kashindi aendeshe nyuma yake, nami nikakaa kando ya dereva nikitazama mshale wa joto. Hatukufika mbali. Watu wa Salamabila wamezoea kuliona gari lile likipita kama limefukuzwa. Kuliona linatambaa nyuma ya mwenyewe aliyevaa kanzu, na ndani yake mwanamke aliyevaa kitenge chake kizuri, wakaelewa walivyoelewa. Muuza mandazi akapiga kigelegele. Mwingine akajibu. Wachimbaji wakaacha sinia zao wakaja kutufuata wakiimba, na mimi nilikuwa nimekaza macho kwenye ule mshale hata sikujua wanaimba arusi yangu.

Habari zilimfikia Mama Sakina kabla hatujafika kona. Akatokea mbele, mikono kiunoni.

"Amisi. Unaoa?"

"Ninaonyesha gari," alisema yule mzee, na jasho lilimtoka.

Nilishuka, nami pia kwa shida, nikamweleza Mama Sakina yote palepale barabarani: Anjelina, mvuke, Mama Feza, mwalimu anayekunywa chai Jumapili kwa wakwe na kurudi peke yake. Watu walisogea wakasikiliza. Niliishia kwenye ndoo ya maji. Mama Sakina alishusha mikono yake kutoka kiunoni. Alifungua kitenge cha juu, akakitandika mbele ya gurudumu.

"Kama ni mutihani," alisema, "tuufanye muzuri."

Wanawake wengine wakafungua vyao. Gari likakanyaga cha kwanza, likasimama, likakanyaga cha pili, sawasawa kama Kasongo. Niliwapenda wale wanawake kama dada zangu. Lakini kabla hatujamaliza barabara ya soko mshale ulianza kupanda. Ukapita katikati, ukapanda zaidi, Kashindi akazima haraka. Harufu ya maji ya moto ikatujia. Nilihisi nimerudi mbele ya soko letu, na shela inalowa mvuke.

Papa Amisi alisimama ameshika kichwa. "Haiyafanyaka hivi hata siku moja, haki ya Mungu," alisema, na safari hii nilimwamini bila kujiuliza.

Kashindi alifungua kifuniko, akasubiri ipoe, akaonyesha kwa kidole. Feni ya mbele haikuwa imezunguka hata kidogo. Panya walikuwa wamekula waya wake, labda zamani sana. Kwenye uwanja wa ndege upepo wa mbio ulikuwa unaipooza moteri, ndiyo maana mwenye gari hakuwahi kujua. Hapo nikamgeukia mdogo wangu nikamkumbusha nilivyomjibu huku Kasongo kwamba chenye mbio hakishindwi kutembea, nikamwambia akirudia maneno yangu mbele ya watu nitamkana.

Kilichobaki kilikuwa ni hofu moja. Moteri ikichemka inaweza kupasuka kwa ndani, maji yakaingia kwenye mafuta, na mafuta yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Ikifika hapo, usinunue hata ukipewa na mbuzi. Kashindi alichomoa tena kile kijiti na mimi nikafumba macho. Aliponigusa bega nikafumbua. Mafuta yalikuwa meusi bila tone la maji, kama yalivyokuwa asubuhi.

Papa Amisi alikwenda mwenyewe kutafuta waya mpya. Kashindi aliuvuta kutoka kwenye betri hadi kwenye feni, na katikati, karibu na usukani, akafunga swichi ya taa ya nyumbani, ile nyeupe ya ukutani, ili feni izunguke dereva anapotaka. Haikupendeza kuiona. Nikasema iachwe.

Siku iliyofuata wanawake walirudi bila kuitwa, na vitenge, na ngoma safari hii. Tulikwenda kutoka mwisho mmoja wa soko hadi mwingine, kitenge kwa kitenge, jua likiwa utosini, feni ikivuma, na mshale ukasimama katikati kama mtoto aliyeambiwa asicheze. Nililia. Mama Sakina alinitazama dirishani.

"Bibi arusi analia sawa inavyofaa," alisema.

Kurudi, na tope la Wamaza

Lori lililoleta mchele kutoka kwetu lilikuwa linarudi karibu tupu. Kulipandisha gari lililo chini namna ile kulikuwa na ubishi wa asubuhi nzima, mpaka dereva akarudisha lori nyuma kwenye kichuguu kikubwa kando ya njia, wakalaza mbao kutoka juu ya kichuguu hadi ndani ya lori, na wachimbaji wakalisukuma kwa wimbo. Papa Amisi alisimama anatazama gari lake likifungwa kamba. Alimpa Kashindi maagizo mengi, na la mwisho lilikuwa kwamba asiliwashe mbele ya mtu bila kulipasha moto kwanza, ni vibaya. Tuliagana naye kama tunaagana na baba.

Mvua ilikuwa imepita kabla yetu. Karibu na Wamaza lori likazama hadi kwenye mhimili. Dereva alikanyaga mafuta, likazama zaidi. Nikashuka, na ndipo nikawaona wanawake wakija kutoka kwenye nyumba, mbele yao Mama Lumbu, na kila mmoja amebeba kapu la mpunga kichwani.

"Mumeileta moteri," alisema Mama Lumbu kwa furaha. "Tuko tayari."

Nilimwangalia, nikaangalia makapu, nikaelewa. Kwa wanawake wanaotwanga mpunga kwa mikono tangu asubuhi, moteri iliyofuatwa mbali na kuletwa kwa shida ni ya kinu tu, ya kukoboa. Itakuwa nini kingine? Niliwaongoza nyuma ya lori nikawaonyesha kitu chekundu kilichofungwa kamba.

Mama Lumbu alichungulia kati ya kamba.

"Hii inakoboa nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa aibu, nikirukaruka. Waliniacha nimalize. Mmoja akashusha kapu lake akaketi juu ya jiwe. Nilidhani wataondoka, na wangeondoka ningewapa haki.

"Huyu mutoto," Mama Lumbu akauliza, "iko kwa mama yake mupaka leo? Na bwana yake anamuona?"

"Siku ya Mungu tu."

Akageuka akawaita wanaume. Wakaja na majembe, magogo, kamba za porini. Walichimba, wakatandika matawi chini ya magurudumu, wakavuta, wanawake nao wakavuta, mimi nikavuta nikaanguka, na lori likatoka kwenye tope likilia. Nilitafuta namna ya kuwashukuru. Mama Lumbu alikataa, alitaka jambo moja.

"Iwashe tusikie. Tumeivuta."

Kashindi akapanda juu ya lori, akaingia ndani ya gari, akaliwasha pale pale juu, kati ya miti. Watu walisimama chini wamelowa tope, wakasikiliza moteri kama wanasikiliza redio. Mama Lumbu akaitikia kwa kichwa, akasema ina pumzi nzuri. Tulilala kwake tena. Na hapa nawaomba mnisikie wote mnaosoma: mtu yeyote Kasongo anayejua mashine ya kukoboa inayouzwa aje aniambie, kwa sababu safari hiyo nayo nitaifanya.

Kutoka sokoni hadi kwa Patrice

Mengine mliyaona kwa macho yenu, lakini mlikuwa nje ya gari, mimi nilikuwa ndani.

Tulilisimamisha mbele ya soko, pale pale, na Mama Feza akaja kukagua kama alama ya magurudumu ya gari la kwanza bado ipo. Anjelina alitoka kwa mama yake amevaa lile gauni, limefuliwa upya. Aliinama akaingia nyuma. Kashindi aligusa swichi ya ukutani, feni ikavuma. Mama Feza akauliza ile kelele ni ya nini, nikamwambia ni upepo wa bibi arusi, akaridhika.

Vitenge vikatandikwa. Kwenye kona ya soko tulisimama muda mrefu kuliko nilivyotaka, kwa sababu mjomba mmoja aliamua kucheza mbele ya gari na hakuna aliyethubutu kumtoa. Sikutazama watu. Nilitazama mshale. Nyuma yangu nilisikia Anjelina akipumua kwa kelele, na nilijua yeye pia hatazami watu.

Tukapita shule. Tukapita msikiti, watu wa pale wakatupungia. Tukaingia njia ya kwa Patrice, na mwishoni nikamwona amesimama kwenye mlango wa uwanja wake na suti ile ile, akijizuia asitukimbilie. Kitenge cha mwisho kikatandikwa. Gari likakikanyaga, likasimama. Mshale ulikuwa katikati.

Mama Feza akafungua mlango kwa upole, akainama.

"Tumefika, mutoto. Shuka."

Anjelina hakushuka. Ngoma zikasita. Mama Feza akarudia, akanyoosha mkono, na bibi arusi akabaki amekaa, mikono mapajani. Nikageuka nyuma. Nilidhani ameona mvuke ambao mimi sikuuona, nilidhani miezi ile yote imemgeuza moyo. Patrice alikuja akachuchumaa kwenye mlango.

"Anjelina, kuna nini?"

Alimtazama mume wake. Kisha akatazama shangazi zake, wajomba, wakwe na mtaa wote uliokuwa umejaa uani.

"Nimengoja kiangazi na mvua," akasema. "Sasa nanyi mungoje kidogo."

Akaegemea kiti, akakunja shela vizuri. Patrice alianza kucheka huku machozi yanamtoka, akaketi chini pale pale mavumbini na suti yake, kando ya mlango, kungoja. Mama Feza aliurudisha mkono wake. Kashindi akaninong'oneza kama azime moteri.

Nikamwambia aiache.